Zabibu za Sherish

Mtume mtoto dukani, Mombasa au Mji Mkongwe, akuletee zabibu za kutia kwenye tambi za Idi. Atarudi na kifuko cha vipunje vyeusi vilivyonyauka, vinavyonata vidoleni. Kichala kibichi hakimjii hata akilini. Mtoto huyo yuko karibu na asili ya neno kuliko watu wazima wengi, maana katika Kiarabu tulikolitoa, zabib ni tunda lililokwisha kuanikwa juani likakauka. Bichi lina jina lake, inab. Sisi tulipokea jina la kavu, na bichi nalo tukalipa hilohilo.

Naanza na neno hili kwa sababu kuna mji wa Hispania ambao leo watu hupanda ndege kwenda kuuona na kuonja mvinyo wake, na masimulizi ya mji wenyewe yanasema kwamba kama si zabib, mvinyo huo usingekuwapo.

Mji ni Jerez de la Frontera, kusini-magharibi mwa Hispania, katika jimbo la Cádiz. Waarabu waliuita Sherish. Waingereza walilikokota jina hilo kwa ndimi zao mpaka likawa sherry, na hivyo ndivyo mvinyo wake unavyojulikana duniani. Karibu yake, pwani, kuna Sanlúcar de Barrameda na El Puerto de Santa María. Ndani ya pembetatu ya miji hiyo mitatu udongo ni mweupe kama chokaa. Wenyeji huuita albariza. Mvua za majira ya baridi zikinyesha, udongo huo hunywa maji kama sifongo. Jua la kiangazi likija, uso wake hukauka ukawa gamba gumu, na maji yakabaki chini kwenye mizizi. Baada ya mavuno wakulima huchimba vijibwawa kati ya mistari ya mizabibu ili hata tone moja lisitiririke bondeni. Mahali ambapo miezi minne inaweza kupita bila mvua, kazi hiyo ndiyo inayoamua mavuno ya mwaka unaofuata.

Wafoinike ndio wanaosemekana kuleta mizabibu. Karibu na El Puerto, kwenye kilima cha Doña Blanca, yamechimbuliwa mabaki ya mji wao pamoja na mitambo ya kukamulia zabibu. Warumi wakafuata, na mwandishi wao mkubwa wa kilimo, Columella, alikuwa mzaliwa wa Cádiz. Hayo nayapita. Kisa kinachonivuta kinaanza mwaka 711, majeshi ya Waislamu yalipovuka kutoka Afrika Kaskazini. Tangu hapo Sherish ulikuwa mji wa Kiislamu kwa zaidi ya karne tano. Kwa hiyo msomaji asiyegusa kileo asione haya kuendelea. Anasoma pia historia ya watu waliosali kama yeye.

Mwaka 966 khalifa wa Córdoba, al-Hakam wa Pili, aliamuru mizabibu ing'olewe. Inasimuliwa kwamba watu wa Sherish hawakubishana naye juu ya dini. Walimpelekea hoja ya jikoni: zabibu zetu, walisema, nyingi haziendi kwenye mitungi ya mvinyo, zinaanikwa, na hizo zilizoanikwa ndizo chakula cha askari wako wakiwa njiani. Khalifa mwenye vita hawezi kupuuza tumbo la askari. Ikang'olewa theluthi moja ya mizabibu, iliyobaki ikasalimika.

Hadithi iliyokaa sawa namna hii hunitia shaka kidogo. Ni aina ya kisa ambacho mji wenye mali ya kutetea hukipenda na kukisimulia mpaka kikang'aa. Lakini kuna jambo la baadaye linalonifanya nisikitupe. Mwaka 1483, zaidi ya miaka mia mbili baada ya mfalme Alfonso wa Kumi kuuteka mji mwaka 1264, wakubwa wa Jerez walitoa kanuni za chama cha wakulima wao. Chama hicho kiliitwa cha zabibu kavu na mavuno. Kavu ilitangulia. Wakristo walikuwa wameshika mji, misikiti imekuwa makanisa, mvinyo unauzwa hadharani, na bado zabib ndiyo iliyokaa mwanzo wa jina.

Kitu kingine walichoacha Waarabu ni chombo cha kukenekea. Kilitumika kutengenezea manukato na dawa. Mikono mingine ilikitumia kutoa pombe kali kutoka kwenye mvinyo, na pombe hiyo ikirudishwa kidogo pipani, mvinyo haukuharibika safarini. Kwa mji wenye wateja ng'ambo ya bahari, hilo lilikuwa jambo kubwa. Jina la mji lilikuwa limekwisha kupata mkia wake: de la Frontera, wa mpakani, kwa sababu kwa karne mbili na zaidi ulikaa ukingoni mwa ufalme wa Kiislamu wa Granada.

Wateja wenyewe walikuwa Waingereza. Mwaka 1517 mtawala wa Sanlúcar aliwapa wafanyabiashara wao haki maalumu za kukaa na kuuza mjini kwake. Bandari hiyohiyo ndiyo Magellan alikotoka mwaka 1519 kwenda kutafuta njia ya magharibi ya kufikia visiwa vya viungo, na merikebu zake zilibeba mvinyo wa Jerez. Kisha ukaja uadui wa wafalme. Mwaka 1587 Francis Drake aliingia ghuba ya Cádiz, akachoma merikebu za Hispania, akaondoka na mapipa yapatayo 2,900 ya mvinyo. Ni wizi, hakuna jina jingine. Lakini sidhani kama kuna tangazo la biashara lililowahi kufanya kazi vizuri kuliko wizi ule: London ilipewa kionjo, na kiu haikuisha tena. Miaka michache baadaye Shakespeare alimpandisha jukwaani mzee Falstaff, mnene na mlevi, autukuze mvinyo wa Jerez kana kwamba ni dawa ya akili na ushujaa.

Nikumbushe kwamba zama hizohizo Wareno, majirani wa hawa Wahispania, walikuwa pwani yetu. Ngome ya Yesu pale Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593, miaka sita tu baada ya Drake kuiba mapipa yake. Maneno waliyotuachia ni ya mezani na ya shehena: meza yenyewe, kopo, pipa, na mvinyo. Nikisema basi "pipa la mvinyo" ninaposimulia Jerez sitafsiri chochote; natumia maneno yaliyoshuka kutoka merikebu za rasi ileile.

Pipa la Jerez ni la mwaloni wa Marekani, limepakwa rangi nyeusi, linachukua lita 500 au zaidi. Halijazwi. Huachwa nafasi ya ngumi mbili hivi juu ya mvinyo, na hapo ndipo panapotokea kioja. Juu ya mvinyo unaota utando mweupe, umekunjamana kama malai juu ya maziwa yaliyochemshwa. Ni hamira, jamaa ya ile ya maandazi, iliyo hai. Inaufunika mvinyo usiguswe na hewa, inakula kilichobaki cha sukari, na kuupa ladha kavu yenye harufu ya mkate na lozi mbichi. Wenyeji wanauita utando huo flor, yaani ua. Hufa kwa joto, hufa kwa ukavu, na hufa mvinyo ukitiwa pombe kali kupita kiasi. Ukifa, mvinyo hugeuka rangi ya hudhurungi na kuwa aina nyingine kabisa, mzito, nao una wapenzi wake.

Kwa ajili ya kiumbe huyo mdekaji ndipo yalipojengwa maghala ya Jerez. Kwingine Ulaya watu huchimba chini kutafuta ubaridi. Hapa walikwenda juu. Dari ziko mita 15 kutoka sakafuni. Kuta ni nene. Madirisha ni madogo, yako juu, yameelekezwa upande wa bahari ili upepo wa magharibi uingie na unyevu wake, na yamezibwa kwa mikeka ya nyasi ngumu inayochuja mwanga. Sakafu ni mchanga wa manjano, na wakati wa kiangazi mtu hupita akiumwagia maji jioni, kama tunavyonyunyizia ua wetu vumbi litulie. Ukiingia kutoka kwenye jua la Agosti, macho yanachelewa, pua inatangulia: mbao zilizolowa, siki kwa mbali, unga uliochachuka. Kisha mapipa yanajitokeza gizani, safu juu ya safu, na kila moja lina alama ya chaki usoni. Mkwaju mmoja ulioinama, huyu ni mwembamba, aachiwe utando wake. Duara lililokatwa na mstari, huyu ni mzito.

Safu hizo hazikupangwa kwa urembo. Mvinyo wa kuuza hutolewa kwenye mapipa ya chini kabisa, tena sehemu tu, kwa kawaida isiyozidi theluthi. Pengo lile hujazwa kutoka safu ya pili, la pili kutoka la tatu, na la juu hupokea mvinyo mpya wa mwaka. Kwa hiyo pipa la chini halimaliziki. Ndani yake kuna tone la kila mwaka tangu lilipoanzishwa, na ndiyo sababu chupa ya Jerez kwa kawaida haiandikwi mwaka wa mavuno. Wazee huwafunza vijana ndani ya pipa, ndivyo wanavyopenda kueleza waongozaji wa watalii, na hapo sina neno la kuwazidi.

Ajabu ni kwamba utaratibu huu uliwahi kupigwa vita. Chama cha wavinyo kilichoundwa mwaka 1733 kilikuwa mikononi mwa wakulima, nao hawakutaka mtu aweke mvinyo ghalani kwa miaka, kwani anayeweka ndiye anayepanga bei. Wafanyabiashara walitaka kinyume. Wengi wao walikuwa wageni: Waayalandi, Waskoti, Waingereza, Wafaransa, na majina yao bado yako kwenye malango ya maghala ya eneo hilo, Osborne, Garvey, Sandeman, Domecq. Walishinda. Chama kilivunjwa mwaka 1834, na maghala makubwa kama makanisa yakaanza kuota kila mtaa.

Mwaka uliofuata, 1835, kijana wa miaka 23 aitwaye Manuel María González Ángel aliingia kwenye biashara hiyo. Hakuujua mvinyo sawasawa. Aliyeujua ni mjomba wake, José Ángel, ambaye alipenda ule mkavu, mweupe, wa kule Sanlúcar, ambao wauzaji wa nje waliudharau kwa kuwa Waingereza walizoea mtamu na mzito. Mjomba aliachiwa mapipa machache ya kujifurahisha na rafiki zake. Mapipa hayo yakaandikwa jina lake kwa namna ya nyumbani, Tío Pepe, maana José kwa mapenzi ni Pepe. Mjomba Pepe. Ndiyo chapa ambayo leo taa zake zinawaka katika uwanja maarufu wa Puerta del Sol kule Madrid. Mwaka 1855 wakala wake wa London, Robert Blake Byass, akawa mshirika, na kampuni ikawa González Byass.

Mwaka 1854 reli ilifunguliwa kati ya Jerez na El Puerto, ya kwanza katika Andalusia yote. Haikujengwa kwa ajili ya abiria. Mapipa yalikuwa yakienda pwani kwa mikokoteni ya ng'ombe, na wenye maghala wamechoka kusubiri.

Mwaka 1862 akaja mgeni, malkia Isabel wa Pili. Kampuni ya González Byass yenyewe husimulia kwamba malkia alitaka kuona zabibu zinavyokanyagwa. Tatizo lilikuwa kalenda: mavuno yalikuwa yamekwisha, mizabibu imebaki majani. Hapo ndipo ingetarajiwa mtu aseme samahani, Malkia, njoo mwakani. Badala yake watu walitumwa kila upande kutafuta vichala vilivyobaki, vikakusanywa, wakanyagaji wakaitwa, na mavuno yakafanyika upya mbele ya mtu mmoja. Mvinyo uliotoka hapo ulitiwa kwenye pipa la ajabu la lita 16,500, ambalo hadi leo liko pale na linaitwa Kristo, limezungukwa na mapipa yenye majina ya mitume.

Nimekifikiria sana kisa hiki. Watu husema utalii wa mvinyo ni jambo la juzi, limezuka pamoja na ndege za bei nafuu na simu za kupigia picha. Siku ile ya 1862 mambo yote yalikuwapo tayari: mgeni asiyejua kazi, kazi iliyosimamishwa kwa ajili yake nje ya msimu wake, na chombo kikubwa cha kumbukumbu cha kumwonyesha mgeni atakayefuata. Jerez haikugeukia watalii ilipoishiwa. Wanunuzi walitembezwa ghalani, wakaonjeshwa, wakapewa chakula, na huyo mnunuzi wa London ndiye babu wa mtalii wa leo. Kilichobadilika ni kwamba babu aliondoka na mapipa mia, na mjukuu anaondoka na chupa mbili.

Kitu ambacho hakikuonyeshwa malkia, wala hakionyeshwi sana leo, ni waliolala mashambani. Utajiri wa maghala ulisimama juu ya vibarua wa ujira wa siku. Wengi wa vibarua wa mashamba makubwa walilala kwa makundi, chini, katika jengo moja, na kula kutoka chungu kimoja. Miaka ya 1880 serikali iliwasaka kwa tuhuma za kuwa na kundi la siri lililoitwa Mkono Mweusi. Wanahistoria bado wanabishana kama kundi hilo lilikuwapo kweli. Watu saba walinyongwa hadharani Jerez mwaka 1884. Usiku wa tarehe 8 Januari 1892 mamia ya vibarua, wengi wakiwa na mundu na magongo, waliingia mjini wakitaka kuwatoa wenzao jela. Walidhani askari wangewaunga mkono. Hawakuungwa. Wapita njia wawili waliuawa katika vurugu, kundi likatawanyika kabla ya alfajiri, na mwezi wa pili watu wanne wakanyongwa. Vicente Blasco Ibáñez alikitumia kisa hicho katika riwaya yake ya mwaka 1905, aliyoipa jina la ghala lenyewe, La bodega.

Miaka miwili baada ya usiku ule alikuja adui asiyejali tajiri wala maskini. Kijidudu cha filoksera, kilichotoka Amerika Kaskazini na ambacho kilikuwa kimekwisha kuiangamiza Ufaransa, kilionekana Jerez mwaka 1894. Hula mizizi. Hakuna dawa iliyokimudu. Iliyobaki ni kung'oa kila kitu, kupanda mashina ya Kimarekani yanayokistahimili, na juu yake kupachika zabibu za kienyeji. Kile khalifa alichokifanya kwa theluthi, kijidudu kilikifanya kwa shamba zima. Mashamba yaliyorudi yalikuwa ya aina moja zaidi kuliko zamani, karibu yote zabibu iitwayo Palomino.

Mwaka 1935 Jerez ilipata baraza la kulinda jina lake, la kwanza la aina hiyo Hispania. Lilihitajika, maana jina lilikuwa likiibiwa kuliko mvinyo. Uingereza yenyewe ilitengeneza "sherry" yake, Kupro yake, Afrika Kusini yake. Kesi kubwa iliamuliwa London mwaka 1967, na miongoni mwa vielelezo vilivyoletwa mahakamani ni ramani ya mwanajiografia Mwarabu, al-Idrisi, aliyoichora katika karne ya 12 kwa ajili ya mfalme wa Sicily. Juu yake umeandikwa mji wa Sherish. Khalifa mmoja alitaka kuing'oa mizabibu, na mwanachuoni mwingine wa dini ileile, bila kujua, akaiwekea ushahidi. Ushindi ulikuwa nusu: waigaji waliruhusiwa kuendelea mradi wataje nchi yao. Ni mwaka 1996 tu ndipo jina liliporudi kwa mwenyewe katika Ulaya yote.

Katikati ya hayo, mwaka 1948, mji ulianzisha sikukuu ya mavuno. Zabibu hubarikiwa kwenye ngazi za kanisa kubwa, kisha hukanyagwa mbele ya umati. Hapa kuna jambo dogo la kutazama: viatu. Picha nyingi za matangazo ya mvinyo huonyesha wasichana wakikanyaga pekupeku na kucheka. Wakanyagaji wa Jerez walikuwa wanaume waliovaa viatu vizito vya ngozi ya ng'ombe vilivyopigiliwa misumari soli nzima. Mbegu na vikonyo hunasa kati ya misumari bila kupasuka, kwa hiyo uchungu wake hauingii kwenye maji ya zabibu. Walianza usiku wa manane kukwepa joto, wakisonga mbele na nyuma kwa mwendo wa gwaride ndani ya kihori cha mbao. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Mashine ilipokuja hakuna aliyeililia, na viatu vikahamia ukutani, kwenye kisanduku cha kioo, mtalii avione.

Wahenga wetu walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sijui mahali ambapo msemo huo umetimia kwa wingi wa mapipa kama Jerez ya miaka ya 1960 na 1970. Dunia ilitaka mvinyo wao bila kipimo. Mtu mmoja, José María Ruiz-Mateos, alinunua kampuni baada ya kampuni chini ya jina la Rumasa, nembo yake nyuki, na akauza rahisi, na wengine wakalazimika kushusha bei na ubora kumfuata. Mizabibu ilipandwa hadi kwenye udongo usioifaa. Mashamba yakapita hekta 20,000. Mauzo yalifika kileleni mwaka 1979. Kisha vijana wa Uingereza wakaanza kuuona mvinyo huo kama kinywaji cha bibi zao, kinachokaa kabatini tangu Krismasi hadi Krismasi. Tarehe 23 Februari 1983 serikali ya Felipe González iliitaifisha Rumasa yote, benki zake na maghala yake. Mizabibu iling'olewa tena, safari hii kwa malipo. Leo zimebaki takribani hekta 7,000.

Maghala yaliyobaki matupu yalifanywa nini? Mengine yakawa maduka, mengine kumbi za harusi. Yenye bahati yakafungua milango yake. Jerez ilichaguliwa Mji wa Mvinyo wa Ulaya mwaka 2014, na sasa njia za mvinyo na brandi za eneo hilo zina vibao, ramani, na saa za lugha mbalimbali. Katika ghala la Mjomba Pepe kuna kigari kama treni ya watoto kinachowazungusha wageni. Kuna pipa lenye uso wa kioo, utando uonekane ukielea ndani kama ngozi. Na kuna mahali ambapo sakafuni imewekwa glasi ya mvinyo mtamu, na ngazi ndogo ya vijiti imeegemezwa kwenye ukingo wake. Ni ya panya. Mfanyakazi mmoja wa zamani, inasemwa, aliona upweke wakati wa chakula akaanza kuwawekea. Watoto wanaikumbuka ngazi hiyo kuliko kitu kingine chochote, na wazazi wao pia, kama watasema kweli.

Mvinyo ule mtamu wa panya ni wa zabibu iitwayo Pedro Ximénez. Haikamuliwi ikiwa mbichi. Vichala hutandazwa juu ya mikeka ya duara, juani, vikageuzwa kila siku, vikafunikwa usiku umande usivilowe, mpaka vinyauke na kushikamana vidoleni. Ndipo hukamuliwa. Unaotoka ni mweusi, mzito kama asali. Kwa maneno ya Sherish ya mwaka 966, ni mvinyo wa zabib hasa. Hoja ile ya jikoni iliyopelekwa kwa khalifa ilikuwa kweli tupu, ila haikusema yote.

Wanywaji wa mitaani nao wamepata wageni. Tabanco ni kiduka cha mvinyo wa pipani: kaunta ya mbao, mapipa ukutani, vipande vya jibini kwenye karatasi, na mhudumu anayeandika hesabu yako kwa chaki juu ya kaunta yenyewe, kisha anaifuta kwa kitambaa ukishalipa. Vilikuwa vya wanaume wa kazi, vikaanza kufa kimoja kimoja pamoja na maghala, na katika miaka ya karibuni vikafufuliwa, mara nyingi na mtu anayeimba flamenko pembeni. Mwaka 2020 González Byass ilifungua hoteli katikati ya mji wa kale, ndani ya majengo ambayo zamani yalikuwa makazi ya wafanyakazi wa ghala. Sina ugomvi na mtu anayelala pale kitandani safi akisikia kengele za kanisa. Ningependa tu waongozaji wamwambie, kabla hajazima taa, watu wangapi walilala katika chumba kile na waliamka saa ngapi.

Ikifika Novemba, watalii wamepungua, maji mapya ya zabibu yamemaliza kuchemka. Mashambani, kwenye vilima vyeupe nje ya mji, mwenye nyumba hupandisha kitambaa chekundu juu ya mlingoti. Hakuna tangazo jingine. Maana yake ni kwamba mvinyo mchanga uko tayari na mlango uko wazi. Watu wa Jerez hupanda huko na familia zao siku ya Jumapili, wakakaa kwenye viti vya plastiki, wakaletewa jagi la mvinyo wenye ukungu na bakuli la ajo, mkate uliopondwapondwa na vitunguu saumu, nyanya na pilipili hoho, moto, unaoliwa kwa vipande vya figili. Mtoto mmoja anakimbia kati ya mizabibu isiyo na majani. Babu anamwita arudi asije akatumbukia kwenye vijibwawa vya mvua, kwa sababu mvua ya kwanza imenyesha jana na vimejaa.